Visima vya dharura visisubiri Ruvu ikauke

Ndugu Mhariri,

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam tuliingia kwenye mgao wa maji. Boza likawa la kugombaniwa, dumu la lita 20 likapanda bei, na visima vya zamani vilivyotelekezwa vikaanza kufufuliwa mbiombio. Mwezi uliofuata visima virefu vya Kigamboni, vyenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, vikaanza kuleta maji mjini kutoka upande wa pili wa mkono wa bahari. Hilo nalipongeza. Lakini mvua ziliporudi, visima vya mitaani vikasahauliwa, kama vilivyosahauliwa vile vilivyochimbwa kwa ukame wa 1997.

Hapa mtaani kwetu Temeke kipo kimoja. Mnara wa simtanki bado umesimama, koki zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, mota iliungua zamani. Kamati ya kisima inasema hela ya kuitengeneza haipo, ilhali maji yaliuzwa kwa ndoo miaka yote. Daftari la mapato hatujaonyeshwa.

Hata mota ingekuwa nzima, ukame uleule wa 2022 ulitupa na mgao wa umeme, maana mabwawa ya kuzalisha umeme yalipungua pia. Kisima kinachotegemea umeme wa LUKU kinaweza kufa siku ileile bomba linapokauka. Berlin, jiji la nchi tajiri, wameacha pampu za mkono zipatazo 2,000 barabarani kwa ajili ya dharura. Sisi tumeziona za kijijini, tukazing'oa.

Kuna na suala la maji yenyewe. Visima vifupi vya Uswahilini vimechimbwa katikati ya vyoo vya shimo, na jiji hili kipindupindu linakijua. Maji hayo ni ya kufulia na kudekia. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Karibu na pwani, ukivuta kupita kiasi chumvi ya bahari inasogea chini kwa chini, mpaka sabuni haitoi povu na chai haishukiki. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inataka kibali kabla ya kuchimba, lakini gari la kuchimba linaingia uani kwa mtu asubuhi, na jirani hajui kama kibali kipo. Sisemi watu wazuiwe, kwani wengi wanachimba kwa sababu bomba halitoki. Nasema wahesabiwe, maana wote tunavuta chungu kimoja.

Naomba wahusika waanze na jambo dogo tu kabla ya kiangazi kijacho: kila ofisi ya kata ibandike ubaoni orodha ya visima vyake vya umma, kipi kinafanya kazi, maji yake yalipimwa lini na yalikutwaje, na nani anashika ufunguo.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam