Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuitafuta Historia ya Pugu

Wazee wetu wa Mtakatifu Fransisko, na ninyi wenzangu wa Pugu Sekondari,

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Shikamooni wazee.

Nimesalimia mara tatu makusudi, na sababu yake mtaiona mbele kidogo.

Mkutano wa mwaka jana ulitutuma kazi moja: tuandike historia ya shule yetu ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, iliyoanza kama St. Francis’ College ya misheni na leo ni Pugu Sekondari ya serikali, wakati wazee wa kutusimulia bado wapo. Mimi nikasimama mbele yenu nikaahidi kwamba kufikia leo kitabu kitakuwa mezani. Hakipo. Kilichopo ni madaftari matatu, bahasha ya picha na mahojiano tuliyofanya kwa wazee majumbani kwao. Mahojiano mawili yamepotea kwa uzembe wangu: niliyarekodi kwa simu, simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, na nilikuwa sijayahifadhi kokote. Mzee mmoja amekubali kurudia. Mwingine ametuambia tusimsumbue, na ana haki.

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Ada zimeingia kwa kusuasua kama kawaida yetu. Nisipoteze muda hapo.

Nianze na fulana. Mnakumbuka katikati ya mwaka tulichapisha fulana zenye maandishi “St. Francis’ College, Pugu”. Niliziidhinisha mimi. Kabla jua halijazama, kundi letu la WhatsApp lilikuwa linawaka moto. Waliosoma miaka ya themanini na tisini waliuliza kama wao ni wageni waalikwa. Mmoja aliandika kwamba yeye ni Mwislamu, amelala bweni la Pugu miaka minne, amekimbia mchakamchaka na kulima shamba la shule, na huyo Fransisko hamjui. Mzee mmoja akamjibu kwamba bila Fransisko kusingekuwa na bweni la kulala. Wote wawili walisema kweli, na ugomvi huo umenifundisha historia ya shule kuliko madaftari yote matatu.

Shule yetu imeishi maisha mawili. Sisi huwa tunasimulia hadithi moja tu, ya Mwalimu Nyerere, kana kwamba Pugu ilizaliwa alipofika na ikafa alipoondoka.

Mahali penyewe pana umri kuliko shule. Wamisionari Wabenedikti wa St. Ottilien walitoka Ujerumani wakafungua misheni Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri vya kuwapinga Wajerumani pwani, misheni ilivamiwa na kuteketezwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa mpaka walipokombolewa kwa fidia. Wabenedikti wakahamia Dar es Salaam, na kanisa la Mtakatifu Yosefu pale mjini ni kazi ya mikono yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipoondolewa, jimbo likapewa Wakapuchini kutoka Uswisi, ambao ni wana wa Fransisko wa Asizi. Mkapuchini ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu enzi tunazozisimulia, Edgar Maranta. Kwa hiyo jina la Fransisko halikuokotwa njiani.

Sasa Mwalimu. Alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake, akaja kufundisha historia Pugu. Januari 1953 akamwoa Mama Maria. Aprili mwaka huohuo akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Nilikuta wenzetu wawili wameandika kwenye rasimu kwamba TANU ilizaliwa Pugu. Hapana. Ilizaliwa mjini Dar es Salaam, mtaa ambao leo ni Lumumba. Tusijipe kisichokuwa chetu, kilicho chetu kinatutosha.

Na kilicho chetu ni hiki. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Twining iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiingiza kwenye vyama vya siasa. Wasomi wengi wa wakati ule walikuwa makarani, matabibu na walimu wa serikali, wakafungwa midomo kwa waraka mmoja. Mwalimu wa shule ya misheni hakuwa mtumishi wa serikali. Mwajiri wake alikuwa kanisa. Naamini, na hapa nasema maoni yangu, kwamba upenyo huo mdogo ndio mchango mkubwa wa Pugu katika uhuru wa nchi hii. Watu husimulia zaidi jinsi alivyokuwa akishuka vilima kwenda mjini kwenye mikutano na kurudi usiku kufundisha, na hadithi hiyo ni tamu. Lakini watembeaji walikuwa wengi. Aliyekuwa na nafasi ya kusimama kama rais wa chama bila kukiuka waraka wa Gavana, huku ana shahada mkononi, hakuwa mwingine.

Nafasi hiyo nayo ilikuwa na mwisho wake. Shule za misheni zilipokea ruzuku ya serikali, na anayekulipia chakula hakosi la kukuambia. Machi 1955 Mwalimu alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, aliwekewa mambo mawili mezani: chaki au chama. Akajiuzulu mwezi huohuo. Naomba kuanzia leo pasiwe na mwanachama wa kusema “alifukuzwa Pugu”. Alichagua mwenyewe, akaondoka na jina la Mwalimu, ambalo limebaki naye mpaka kaburini. Mwaka mmoja hivi baadaye alipita Pugu kijana mwingine kutoka kusini, Benjamin Mkapa, kabla ya kwenda Makerere. Shule moja, marais wawili, mmoja mwalimu na mmoja mwanafunzi. Hilo hamhitaji niwakumbushe, mmelitumia kwenye kila harusi.

Maisha ya pili yalianza na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule zilizopokea fedha za serikali zikawa mali ya umma, na Pugu ikawemo. Aliyekuwa Ikulu wakati huo ni mwalimu wetu wa historia. Wazee wa Fransisko wanalisema hilo kwa uchungu uliochanganyika na kicheko, na mmoja wao aliniuliza kama kuna shule nyingine duniani iliyotaifishwa na mwalimu wake mwenyewe. Sikuwa na jibu. Lakini mimi niliingia pale kwa sababu ya sheria hiyo. Mvulana wa dini yoyote, wa wilaya yoyote, alipangiwa Pugu kwa alama zake, bila barua ya paroko. Ndiyo maana leo nimeanza na salamu tatu.

Niwape jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Mwezi wa tisa, mimi na katibu tulikwenda kwa mzee aliyesoma Pugu miaka ya hamsini. Mwanawe alituonya mlangoni kwamba kumbukumbu zimemtoka, jana hakumtambua mjukuu. Tulikaa saa nzima. Tulimuuliza juu ya mabweni, walimu, mtihani wa darasa la kumi na mbili, akawa anatabasamu tu na kuvuta shuka lililofunika magoti yake. Katibu, ambaye alipita seminari, akasema taratibu maneno ya kufungua Misa ya zamani ya Kilatini, “Introibo ad altare Dei.” Mzee akanyanyua kichwa, akajibu kwa sauti ya mtoto wa altare, bila kukosea herufi: “Ad Deum qui laetificat juventutem meam.” Kwa Mungu aufurahishaye ujana wangu. Wakaendelea hivyo, mmoja anaanza na mwingine anajibu, mpaka Kilatini cha katibu kikaisha. Cha mzee kilikuwa bado kinaendelea. Mwanawe alikuwa amesimama na birika la chai mkononi, hajamimina.

Safari hiyo nilirekodi, na nakala ziko sehemu tatu.

Kwa mwaka ujao nawaomba mambo machache. Picha za zamani, ripoti za muhula, barua za kuitwa shule, vitambulisho, hata daftari lililoliwa na panya, vileteni kwa katibu avipige picha kisha mrudi navyo nyumbani. Waliosoma miaka ya sabini hamjajitokeza kabisa, na ninyi ndio mlioyaona mageuzi yakitokea. Njooni msimulie siku bango lilipobadilishwa.

Fulana mpya zitakuwa na majina yote mawili, la Fransisko mbele na la Pugu Sekondari mgongoni, au kinyume chake. Mtapiga kura mchana huu baada ya chakula. Za zamani zilizobaki ziko kwangu nyumbani. Anayezitaka achukue bure, ila zimebaki zile kubwa tu.