YAH: MALALAMIKO KUHUSU RANGI YA MAGANDA YA ZABIBU (E163)

Kwa Meneja wa Ubora,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madumu 4 ya lita 5 tuliyopokea kutoka kwenu yana lebo isemayo: "Rangi asilia ya matunda, yafaa kwa vyakula na virutubisho vyote." Hilo neno "vyote" si kweli, na ndilo lililotuharibia yogati na vidonge vya kutafuna vya vitamini C.

Rangi ya maganda ya zabibu ni anthosianini, nayo hufuata uchachu. Chini ya pH 3 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi) ni nyekundu ya kuwaka. Ikipita 4 hupauka, ikikaribia 7 huwa zambarau kisha buluu. Tone moja kwenye kijiko cha maji ya magadi hugeuka kijani mbele ya macho. Kwenye ubuyu na juisi ya ukwaju rangi yenu imekaa vizuri, hatuna neno. Lakini yogati huwa kati ya pH 4.2 na 4.5. Tuliitia kwa kipimo chenu, mililita 2 kwa lita, baada ya yogati kuganda na kupoa, ndani ya chombo cha chuma kisichoshika kutu, maana alumini nayo huivuta rangi hii kwenye ubuluu. Ikatoka ya kijivu, kama maji yaliyolowekwa maharage. Kopo lenye picha ya stroberi haliwezi kubeba kitu hicho.

Kwenye vidonge uchachu upo wa kutosha. Kinachoharibu ni vitamini C yenyewe: ikipata unyevu na hewa huivunja anthosianini, na vyote viwili hupotea pamoja. Mtaalamu wa rangi analijua hili. Kwa nini lebo isiseme?

Linalotuuma kuliko yote ni salfaiti. Maganda ya zabibu mara nyingi huchujwa kwa maji yenye salfa dioksaidi, na mabaki yake, ndiyo salfaiti, hubaki kwenye rangi. Kwa kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, salfaiti ikifika miligramu 10 kwa kilo ya chakula ni lazima itajwe, kwa sababu wapo wagonjwa wa pumu wanaobanwa kifua nayo. Karatasi yenu ya vipimo haina hata mstari mmoja wa salfaiti. Sisi tuandike nini kwenye kopo analopewa mtoto?

Tunaomba ndani ya siku 14 mtupe cheti cha uchambuzi wa toleo hilo, kiwango cha salfaiti kikiwemo, na mchukue madumu 3 ambayo hayajafunguliwa mturudishie fedha. Lebo nayo itaje zabibu kwa jina, pH ambayo rangi inadumu, joto la kuhifadhia na nguvu ya rangi. Nguvu hiyo msiiache: bila kuijua, mililita 2 za toleo hili si sawa na mililita 2 za toleo lijalo.

Mwakilishi wenu ametushauri kwa simu tutumie bitiruti. Kwa yogati ni ushauri mzuri, kwani rangi ya bitiruti hutulia kati ya pH 4 na 6 isipopikwa. Ila bitiruti si tunda. Mkituuzia, iandikwe bitiruti.

Sampuli za yogati na vidonge tumezihifadhi kwenye jokofu. Mtumeni mtu aje azione.

Wenu,
Kitengo cha Uzalishaji