Miongozo ya programu huria ihifadhiwe kwanza, ndipo ipangwe upya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie miongozo ya programu huria, yaani maelezo ya namna ya kusakinisha, kutumia na kurekebisha programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kwa sehemu kubwa maelezo hayo yameandikwa na watumiaji wenyewe kwa kujitolea, na siku hizi yanapotea kwa sababu ambayo inaonekana njema: yanapangwa upya.

Nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari hapa Tabora. Mashine zetu ni kuukuu, nyingi zina kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu, na ndiyo maana tunatumia Linux, mfumo endeshi huria, ya aina nyepesi. Kwa miaka kadhaa tulitegemea ukurasa mmoja ulioeleza namna ya kuifanya kadi ya mtandao ya mashine hizo ikubali kufanya kazi, na anwani yake niliibandika ukutani. Muhula uliopita niliifungua mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, nikakuta ukurasa haupo. Wasimamizi wa mwongozo huo walikuwa wameupanga upya wote, na kila kilichohusu matoleo ya zamani kilikuwa kimeondolewa kwa maelezo kwamba kimepitwa na wakati. Sisi mashine hizo ndizo tulizonazo, na ndizo tunazofundishia hadi leo.

Sipingi kupanga upya. Miongozo iliyoandikwa na watu wengi hukua kama mtaa uliojengwa kabla ya kupimwa viwanja: utakuta kurasa tatu juu ya jambo moja, kila moja ikisema lake, na anayeanza hajui ashike ipi. Daniele Procida, mtaalamu wa uandishi wa miongozo ya programu, amependekeza mgawanyo ambao mimi mwenyewe nimeuona ukisaidia darasani, wa kutenganisha mafunzo ya anayeanza, maelekezo ya kazi mahususi, marejeo, na maelezo ya sababu za mambo kuwa yalivyo. Mwanafunzi anayetaka kuunganisha printa hahitaji kwanza kusomeshwa historia ya uchapaji.

Ninachopinga ni kuanza na kufuta. Ukurasa wa namna hii una historia ya mabadiliko, inayoonyesha nani aliongeza nini na lini, na historia hiyo ni sehemu ya mwongozo wenyewe. Sentensi inayoonekana ya ziada huenda iliwekwa na mtu aliyepoteza kazi yake yote kwa kukosa onyo hilo, na mhariri mpya asiyeona ilikotoka ataikata kwa nia njema kabisa. Isitoshe, leseni nyingi za maandishi haya, ikiwemo ile ya mradi wa programu huria wa GNU na zile za Creative Commons zinazodai mwandishi atajwe, haziruhusu majina ya wachangiaji yapotee njiani maandishi yanapohamishwa. Basi nakala kamili ichukuliwe kwanza pamoja na historia yake. Anwani ya zamani imwelekeze msomaji kwenye ukurasa mpya. Na ukurasa wa toleo la zamani uandikwe juu yake kwamba ni wa toleo fulani, kisha uachwe usomeke.

Hasara ya kutohifadhi imekwisha kuonekana. Mwaka 2008 tovuti ya miongozo iliyokuwa ikiendeshwa na watumiaji wa Gentoo, aina mojawapo ya Linux, ilipoteza hifadhidata yake, watu wakalazimika kuokota kurasa katika nakala zilizosalia kwenye mitambo ya utafutaji. Internet Archive, ambayo imekuwa ikihifadhi kurasa za tovuti tangu 1996, inastahili shukrani zetu, lakini huhifadhi sura ya ukurasa kwa siku fulani, na kuisoma kunahitaji intaneti, ambayo kwetu hununuliwa kwa bando.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito zaidi. Mwaka 2004 kulitolewa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria za kazi za ofisi, iliyofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi ya namna hiyo huacha orodha za istilahi ambazo mtafsiri wa leo angepaswa kuanzia hapo badala ya kubuni upya neno ambalo wenzake walikwisha kulijadili. Nawaomba wahadhiri na wakutubi walione hili kuwa kazi yao, hasa wakutubi, kwa kuwa kuainisha maandishi na kutunza matoleo yake ni taaluma waliyosomea, nasi walimu wa kompyuta hatukuisomea.

Shuleni kwetu tumeanza na kidogo tunachokiweza. Kwa kutumia Kiwix, programu ya kusomea nakala za tovuti, tumeweka katika mashine moja miongozo ya Arch Linux, aina nyingine ya Linux, inayosomeka bila intaneti, na pembeni yake kurasa za zamani tulizowahi kuzinakili. Wanafunzi hufuata kila ukurasa hatua kwa hatua kwenye kompyuta halisi, kisha huandika juu yake toleo walilojaribia na tarehe. Mwalimu wa Urambo, Nzega au Sikonge mwenye mashine kama zetu aje na flashi yake, tutamnakilia.

Mwalimu wa kompyuta,
Ipuli, Tabora