Wanafunzi wapya wa chuo wamekosa foleni

Kwako Mhariri,

Kila mjadala kuhusu masomo ya mtandaoni huanza na bando ukaishia kwenye bando. Gharama hiyo ipo, na hesabu yake nitaipiga hapa chini. Lakini kijana wa Kisauni au Likoni hapa Mombasa ambaye kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu, kilichomkwamisha zaidi tangu korona iingie ni kukosa foleni.

Foleni ya usajili, ile ya kushinda juani na bahasha ya kaki kwapani, ndiyo iliyokuwa ikimfunza mgeni wa chuo. Mbele yake yuko mwenye dada mwaka wa tatu, nyuma yake yuko aliyekwisharudishwa dirishani mara mbili. Kufika adhuhuri ameshaambiwa fomu ipi inataka muhuri na ofisi gani hufungwa mapema. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 na usajili ukahamia mtandaoni, fomu zilihama. Maneno ya foleni hayakuhama. Mwenye kaka aliyesoma anapiga simu. Asiye naye anabaki kubahatisha, na makosa yanayotokea ni yale yale.

La kwanza ni karo. Kwenye paybill, yaani njia ya kulipia chuo kwa M-Pesa, mahali pa namba ya akaunti huandikwa namba ya usajili ya mwanafunzi, pamoja na herufi, mikwaju (/) na mwaka wake. Mzazi akilipa kwa M-Pesa anaruka mikwaju, au anaandika jina la mtoto. Pesa zinaingia kwenye akaunti ya chuo ila zinakaa bila mwenyewe, na tovuti inaendelea kuonyesha deni. Hapo watu hukopa wakalipa mara ya pili. Msilipe tena. Usiufute ujumbe wa M-Pesa. Tuma ule msimbo wa muamala pamoja na namba kamili ya usajili kwa ofisi ya fedha, kwa barua pepe, na uombe jibu la maandishi.

Deni likishafutika, kazi haijaisha. Kulipa karo si kusajili masomo. Mwanafunzi lazima aingie tena kwenye tovuti, achague uniti, yaani masomo ya muhula, moja baada ya nyingine, kisha athibitishe. Asipofanya hivyo jina lake halimo katika orodha ya mhadhiri. Atahudhuria, atafanya CAT (majaribio ya katikati ya muhula), na alama zake, ambazo katika vyuo vingi ni 30 kati ya 100, zitakosa pa kuandikwa. Mara nyingi hugundua siku kadi ya mtihani inapokataa kutoka, muhula ukiwa ukingoni.

Kazi za kuwasilisha zina mtego wake. Wengi huandika kwa mkono na kupiga picha kwa simu. Picha moja hufika megabaiti 3 au 4, hivyo kurasa nane ni mzigo ambao mfumo wa chuo huukataa, au mtandao hukatika katikati. Tumia programu ya kuskani ya simu, chagua nyeusi na nyeupe, unganisha kurasa zote ziwe PDF moja. Itashuka hadi megabaiti chache tu. Jina la faili liwe namba ya usajili, lakini weka vistari mahali pa mikwaju kwa sababu jina la faili halikubali mkwaju. Kisha kuna suala la Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni; limewaliza wengi. Mhadhiri akiwa ameweka hatua ya uthibitisho, kupakia faili kunaihifadhi kama rasimu tu. Kipo kitufe cha pili cha kuwasilisha. Usipokibonyeza, wewe unaona faili lako lipo na mhadhiri anaona hujawasilisha. Soma hali iliyoandikwa pale juu, piga picha ya skrini, na usingoje saa tano na dakika 58 usiku.

Sasa bando. Uniti sita kwa saa tatu kila wiki ni saa 18. Saa moja ya video ikila megabaiti 500, na yaweza kula zaidi, hiyo ni gigabaiti 9 kwa wiki. Kuzima kamera yako kunaokoa sehemu tu. Uzito zaidi uko kwenye video za wengine unazopokea. Kwenye Zoom ya simu, ingia katika hali ya udereva (Safe Driving Mode): picha zote hukatika, ikabaki sauti, na matumizi hushuka chini ya megabaiti 100 kwa saa. Mhadhiri akitanguliza slaidi kwenye WhatsApp, hakuna kikubwa kinachopotea.

Nyumbani nako kuna shughuli. Hoteli zilipofunga wakati wa korona, baba na kaka walirudi wote, na chumba cha nyumba ya Kiswahili hakina mlango unaozuia sauti za ukumbini. Kijana aliyeinamia simu saa nne asubuhi anaonekana anacheza, kwa hiyo anatumwa dukani, na binti anaachiwa mtoto na ndoo ya nguo. Wazazi hawana ubaya. Hawajawahi kuona darasa la namna hiyo. Ratiba iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa mlangoni husaidia kuliko mabishano.

Lipo pia neno ambalo familia nyingi hazijui kama lipo: kuahirisha masomo. Aliyeishiwa karo akanyamaza huhesabiwa mtoro, na kurudi kwake huwa vita. Aliyeandika barua ya ukurasa mmoja kwa msajili wa masomo kupitia idara yake, akataja namba yake, sababu, na muhula anaotarajia kurudi, nafasi yake hulindwa. Iandikwe kabla ya mitihani, na asihesabu ameruhusiwa hadi apate jibu.

Hata baada ya vyuo kurejesha wanafunzi kwa awamu, sehemu kubwa ya haya imebaki mtandaoni. Chuo kinaweza kumpa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wageni kumi wa kuwapigia simu katika wiki mbili za kwanza, na kumlipia muda wa maongezi. Pia barua ya kujiunga huja kwa Kiingereza, kurasa kadhaa, kwa mzazi ambaye ndiye atakayelipa. Iongezwe karatasi moja ya Kiswahili: namba ya usajili iandikwe vipi kwenye paybill, uniti zisajiliwe lini, na simu ipokewe na nani.

Mshauri wa wanafunzi,
Mombasa