Mafunzo ya walimu kwa vishikwambi yapimwe darasani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa likitajwa katika kila kikao cha elimu ninachohudhuria, nalo ni matumizi ya teknolojia katika kuwaendeleza walimu walioko kazini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, na kwa sasa ni mjumbe wa kamati ya shule ya kijijini kwetu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mpango wenyewe. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, yanamtaka mwalimu ajifunze palepale shuleni kwake, akikaa na wenzake katika jumuiya ya ujifunzaji na kuzungumzia mada zinazowatatiza, badala ya kusubiri semina ya mjini ambayo huhudhuriwa na mmoja na kusahauliwa na wote. Moduli, yaani sehemu za mafunzo hayo, zimewekwa katika mfumo wa kielektroniki wa Taasisi, na baada ya Sensa ya Agosti 2022 Serikali iliamua kuwapa walimu vishikwambi vilivyotumika katika kazi hiyo. Uamuzi huo niliupokea kwa furaha, kwa kuwa nimefundisha miaka ambayo kiongozi kimoja cha mwalimu, yaani kitabu cha maelekezo ya kufundishia, kilitumiwa na shule mbili.

Shaka yangu iko kwenye kipimo. Taarifa zinazosomwa katika vikao vyetu hueleza ni vishikwambi vingapi vimepokelewa, ni walimu wangapi wameingia kwenye mfumo, ni moduli ngapi zimekamilishwa na ni vikao vingapi vya jumuiya vimefanyika. Sijawahi kusikia taarifa inayoeleza kwamba mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akifundisha kutoa kwa kukopa kwa namna fulani, kwamba baada ya mafunzo amebadilisha hiki na kile, na kwamba watoto waliokuwa wakikosea sasa wanapata. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, niliwahi kukuta kikao cha jumuiya kikifanyika kwa dakika zisizozidi kumi. Kishikwambi kimoja tu ndicho kilichokuwa na bando, kikazungushwa mezani, kila mwalimu akaingia kwa jina lake, akabonyeza hadi mwisho wa moduli, kisha akampa jirani. Daftari la mahudhurio likasainiwa, na kwenye mfumo shule ile bila shaka ilionekana imefanya vizuri. Siwalaumu wale walimu hata kidogo, maana mmoja wao alikuwa na watoto 92 wakimsubiri, nao walifanya kile walichojua kitahesabiwa.

Jambo hili si geni kwa watafiti. Nchini Peru, Serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wa vijijini, na tathmini iliyofanyika katika shule 319, ikachapishwa mwaka 2012, ilionyesha kwamba kompyuta ziliongezeka sana na matumizi yake yakaongezeka, lakini alama za hisabati na lugha hazikupanda. Karibu zaidi nasi, huko Kisumu nchini Kenya, watafiti walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika programu ya kusoma kwa madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi: shule za kundi la kwanza zilipewa vifaa vya kusomea vya wanafunzi, za kundi la pili vishikwambi vya walimu, na katika kundi la tatu vishikwambi walipewa washauri wanaozunguka shuleni kuangalia walimu wakifundisha. Makundi yote matatu yaliwashinda wanafunzi wa shule za kulinganishia, lakini yenyewe kwa yenyewe hayakupishana kwa kiasi cha maana. Programu ileile bila kifaa chochote, yenye vitabu, viongozi vya mwalimu, mafunzo na ziara za washauri, ilikuwa imeleta mafanikio yanayokaribiana na hayo kwa gharama ndogo zaidi. Na kwa upande wa vifaa, njia iliyokuwa nafuu kuliko zote ni ile ya kumpa kishikwambi mshauri, ambaye ni mmoja kwa shule nyingi.

Utafiti ulionikalia kichwani zaidi, hata hivyo, ni wa Mpumalanga nchini Afrika Kusini, uliohusu ufundishaji wa Kiingereza kwa watoto ambao lugha hiyo si ya nyumbani kwao. Walimu wa makundi mawili walipewa maandalio ya masomo yenye maudhui yaleyale. Kundi moja lilitembelewa darasani na mshauri, aliyekaa, akatazama, akazungumza na mwalimu. Kundi la pili lilipewa maandalio hayo ndani ya kishikwambi, na mshauri wao akawasiliana nao kwa simu na ujumbe. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepiga hatua zinazofanana katika kuzungumza Kiingereza, na mtu angeweza kufunga mahesabu hapo na kutangaza kwamba simu imechukua nafasi ya safari. Baada ya miaka mitatu hali ilikuwa nyingine. Watoto ambao walimu wao walitembelewa walikuwa wameendelea katika kuzungumza na katika kusoma. Wale wa njia ya kishikwambi walibaki na nafuu ndogo katika kuzungumza, hawakupata chochote katika kusoma, na usomaji wao wa lugha ya nyumbani ukawa umeshuka ukilinganisha na watoto ambao shule zao hazikuguswa na mradi wowote. Ningependa kila anayeandika taarifa ya mwaka wa kwanza wa mradi ausome utafiti huo kabla ya kuitisha waandishi wa habari.

Huenda nauelewa utafiti huo haraka kwa sababu ya nilikotoka. Mimi ni mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale ambao watani walituita Ualimu Pasipo Elimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, vyuo visingeweza kutoa walimu wa kutosha, na ndipo vijana tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa kufundishwa ualimu hukuhuku vijijini, kwa vijitabu vya masomo, kwa vipindi vya Redio Tanzania na kwa usimamizi wa wakufunzi waliokuwa karibu nasi. Walihitimu zaidi ya walimu 35,000 kwa njia hiyo. Kwa hiyo, teknolojia katika mafunzo ya ualimu si jambo lililotufikia mwaka 2022. Sisi tulikuwa na redio ya mbao yenye betri sita, na siku betri zilipoisha kipindi kilitupita.

Vipindi vile vilikuwa vizuri, na baadhi ya sauti nazikumbuka hadi leo. Lakini lililonibadilisha ni mkufunzi aliyefika siku moja kwa baiskeli, akakaa kwenye gogo nyuma ya darasa langu la pili, akanisikiliza somo zima la hesabu bila kusema neno. Tulipotoka nje akaniambia, kwa upole, kwamba nilikuwa nimewauliza watoto maswali kumi na moja na yote nilikuwa nimeyajibu mwenyewe. Alirudi baada ya wiki mbili kuona kama nimejifunza kunyamaza. Redio isingeweza kuyaona hayo, na kishikwambi chenye picha nzuri kuliko redio nacho hakiyaoni, isipokuwa kikiwa mkononi mwa mtu aliyekaa kwenye gogo lile.

Leo mtu huyo angekuwa Afisa Elimu Kata. Wengi wao walipewa pikipiki miaka kadhaa iliyopita, hatua iliyokuwa njema kabisa. Ninayemfahamu mimi hufika shuleni mara kwa mara, lakini hufika kuchukua takwimu, kufuatilia ujenzi wa darasa, kuuliza habari za chakula cha wanafunzi, au kuleta tangazo la kikao. Mafuta ya pikipiki hayamtoshi kuzifikia shule zake zote, na masika ikichachamaa mito ya huku hukata njia kwa siku kadhaa. Akiingia darasani, mwalimu kijana hubadilika rangi akidhani amekuja kukaguliwa, na hilo nalo linahitaji kurekebishwa, kwa sababu mwalimu anayeogopa humwonyesha mgeni somo aliloliandaa kwa ajili ya mgeni.

Ombi langu kwa Wizara ya Elimu na kwa TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ambazo sasa ni majirani zetu hapa Dodoma, ni kwamba kabla ya kununuliwa awamu nyingine ya vifaa, sehemu ya fedha itengwe kwa ajili ya ziara za kumshauri mwalimu darasani, zenye idadi inayojulikana kwa kila muhula, na Afisa Elimu Kata apunguziwe shughuli zinazoweza kufanywa na karani. Kishikwambi chake kibebe fomu fupi ya alichokiona na alichokubaliana na mwalimu, na matokeo ya watoto wachache waliosikilizwa wakisoma siku hiyo. Kikao cha jumuiya ya ujifunzaji nacho kiwekwe kwenye ratiba ya shule, kisibaki kitu cha kubanwa kati ya kengele na safari ya nyumbani.

Kwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kina wataalamu wa elimu na wa teknolojia katika kilima kimoja, nina ombi dogo zaidi. Wanafunzi wao wa uzamili huja vijijini kwetu na madodoso, hujaziwa kwa ukarimu, kisha hatuwaoni tena. Wafuatilie shule zilezile kwa miaka mitatu, kama walivyofanya wenzetu wa Afrika Kusini, na wakimaliza warudi kutusomea walichokipata, kwa Kiswahili, mbele ya walimu walewale waliojaza karatasi zao. Shule yetu ina ukumbi chini ya mbuyu, na jumuiya ya walimu hukutana hapo kila Jumatano saa nane mchana.

Mwalimu mstaafu,
Chamwino, Dodoma.