Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Kwa Nini Hatukusaini Barua ya Pamoja

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, naleta mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Nitapita haraka kwenye mambo ambayo wengi wenu mlikuwepo yakifanyika, kwa sababu lipo jambo moja lililozungumzwa sana pembeni, yaani kutosaini kwetu barua ya pamoja ya vyama jirani ya kupinga kituo cha kuingiza gesi ndani ya ghuba yetu, na ningependa leo lizungumzwe hapa mbele ya wote.

Kazi za kawaida zimekwenda vizuri. Ufukwe ulisafishwa kila robo mwaka, shule tatu zilitembelewa, semina mbili za vijana kuhusu gesi na tabianchi zilifanyika, vipeperushi 2,000 vilichapwa na kugawiwa, saini 4,120 zilikusanywa na kupelekwa kwa mamlaka inayotoa vibali, na kamati tendaji ilikutana kila mwezi isipokuwa mmoja. Mihtasari yote iko kwa katibu. Walio kwenye daftari ni 312, wapya 41, waliojitoa 19, na wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki. Mungu awapumzishe pema.

Sasa nije kwenye barua hiyo ya Mei.

Mradi mnaujua. Meli moja kubwa itafungwa moja kwa moja kwenye gati jipya ndani ya ghuba. Meli nyingine zitakuwa zinakuja kuipakulia gesi iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, baridi ambayo huifanya gesi inywee takriban mara 600 na kuwa kimiminika. Meli ile ya kudumu itavuta maji ya bahari, itayatumia kuipasha gesi mpaka irudi kuwa hewa, kisha itaisukuma kwenye bomba kwenda nchi kavu. Siku ya kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, mmoja wa akina mama wetu wanaouza samaki alisimama akauliza swali moja tu: maji hayo yakishapasha gesi yanakwenda wapi? Mhandisi wa mwekezaji alifungua kabrasha la tathmini ya mazingira, akatafuta ukurasa, akasoma: yanarudi baharini yakiwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa, na yakiwa na mabaki ya klorini inayotumika kuzuia chaza na magugu yasiote ndani ya mabomba. Mama yule hakuketi. Akauliza tena, vifaranga vya samaki vinavyofyonzwa pamoja na hayo maji navyo vinarudi vikiwa hai? Ukumbi mzima ulinyamaza kusubiri jibu, na jibu lililokuja ni kwamba athari zitakuwa ndogo na zitafuatiliwa.

Baada ya kikao kile, vyama jirani viliandaa barua ya pamoja. Naisema kwa heshima, kwa sababu wale ni wenzetu na tutaendelea kuwahitaji. Barua ilieleza vizuri habari za samaki, usalama wa meli na hatari ya moto. Lakini aya yake ya mwisho ilisema kituo kihamishiwe ghuba ya kaskazini, ambako tayari kuna viwanda na wakazi ni wachache. Wakili wetu alitushauri kwamba hoja hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kushinda. Kamati tendaji ilijadili, ikapiga kura, saba kwa nne, na chama hiki hakikusaini. Tuliandika barua yetu wenyewe.

Tangu siku hiyo nimeambiwa mengi. Kwamba nimevunja umoja. Kwamba mwenyekiti anapenda kuonekana mwenye msimamo huku watu wanataka ushindi. Kwamba wale 19 waliojitoa walijitoa kwa sababu yangu. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, halafu mhukumu.

Chama hiki hakikuundwa kulinda mandhari ya ghuba peke yake. Ibara ya pili ya katiba yetu inasema tunapinga miundombinu mipya ya kuingiza gesi ya kisukuku, yaani ile inayochimbwa ardhini. Haisemi tunaipinga ikiwa karibu na kwetu. Kumwambia mwekezaji apeleke meli yake ghuba ya kaskazini ni sawa na kufagia uwanja wako na kurundika taka mlangoni kwa jirani. Wakazi wa kule ni wachache, ndiyo, na ndiyo sababu hawana chama wala wakili. Moshi wa gesi ikichomwa kule unapanda kwenye anga hilohilo moja. Methani inayovuja kule inapasha dunia hiihii.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi yetu bado wanalipokea kwa nusu moyo. Mwekezaji anaiita gesi hii nishati safi ya mpito. Ni kweli kwamba mtambo wa umeme ukichoma gesi hutoa karibu nusu ya hewa ukaa inayotolewa na makaa ya mawe. Lakini gesi yenyewe sehemu kubwa ni methani, na methani ikitoroka kabla ya kuchomwa, ikipimwa kwa athari yake katika miaka 20 ya kwanza, hupasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Inatoroka kisimani, kwenye bomba, kwenye mtambo wa kuipoza, na hata kwenye injini za meli inayoibeba. Mwaka 2024 Robert Howarth wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba gesi ya kimiminika inayosafirishwa kutoka Marekani, ukiihesabu tangu kisimani hadi inapochomwa, kwa kipimo hicho cha miaka 20 inazidi makaa ya mawe kwa asilimia 33. Wapo wanaobishana na hesabu hiyo, na barua yetu ilisema hivyo wazi, kwa sababu sitaki chama hiki kikamatwe kwa kutia chumvi. Lakini hata anayeipunguza hawezi kuiita safi.

Tuliambiwa pia kwamba mradi ni wa muda tu, meli inaweza kung'oa nanga wakati wowote. Ujerumani nayo ilianza na meli. Ya kwanza ilifika Wilhelmshaven Desemba 2022, baada ya gesi ya Urusi kukatika, na sheria iliyotungwa mwaka huohuo kuharakisha vituo hivyo iliviruhusu kufanya kazi na gesi ya kisukuku hadi mwisho wa 2043. Miaka ishirini na zaidi ndiyo dharura. Mikataba ya gesi ya kimiminika yenyewe mingi ni ya miaka 15 au 20, na kawaida yake ni kwamba uichukue usiichukue, utalipa. Mwaka 2024 vituo vya Umoja wa Ulaya kwa wastani vilitumika chini ya nusu ya uwezo wake. Gati likishajengwa, na deni likishakopwa, hakuna serikali itakayokuwa na hamu ya kulifunga, hata umeme wa jua ukishuka bei namna gani. Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo halijawahi kuwa chama cha wanamazingira, lilisema Mei 2021 kwamba katika njia yake ya kufikia uzalishaji halisi sifuri wa hewa ukaa ifikapo 2050 hakuna haja ya maeneo mapya ya mafuta na gesi zaidi ya yale yaliyokwisha kuidhinishwa. Gati jipya linahitaji gesi mpya.

Lakini sababu iliyonifanya mimi binafsi nishikilie ni ya utu. Gesi ina mahali inakotoka. Huko Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, familia zilihamishwa kwenye rasi ya Afungi kupisha mitambo ya gesi, na wavuvi wakapoteza fukwe walizozizoea. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilifika mji wa Palma Machi 2021, watu wakauawa na maelfu wakakimbia, wengine kwa mashua. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kusimamisha mradi wake. Novemba 2022, vita vikiwa havijaisha, shehena ya kwanza ya gesi ya kimiminika ya Msumbiji iliondoka kutoka mtambo mwingine unaoelea baharini. Mamilioni ya raia wa nchi hiyo hawana umeme nyumbani, na gesi inapita mbele ya macho yao kwenda kwa wenye fedha.

Na wenye fedha wakiihitaji zaidi, wasio nazo hukosa. Julai 2022 Pakistan ilitangaza zabuni ya kununua shehena kumi za gesi ya kimiminika, na hakujitokeza hata muuzaji mmoja. Ulaya ilikuwa inanunua kwa bei ambayo Pakistan isingeiweza, na wananchi wake wakakaa gizani saa nyingi katika joto kali. Kila gati jipya ni mnunuzi mpya kwenye foleni hiyo. Barua ya pamoja haikuwa na neno hata moja juu ya Palma wala Pakistan. Yetu ina kurasa tatu juu ya mambo hayo.

Barua hiyo niliiandika mwenyewe, kurasa kumi na moja, na makamu mwenyekiti akaihakiki takwimu zote. Ndiyo iliyojibiwa na mamlaka kifungu kwa kifungu, na nakala ya majibu iko mezani kwa katibu. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilitoa maoni yake ya ushauri kuhusu tabianchi, ikasema kwamba nchi kushindwa kuchukua hatua zipasazo kulinda mfumo wa tabianchi, ikiwa ni pamoja na kwa uzalishaji na matumizi ya nishati za kisukuku, kutoa leseni za kuzitafuta au kuzipa ruzuku, kunaweza kuwa kosa chini ya sheria za kimataifa. Mahakama haikuuliza ghuba ni ipi. Wakili aliyetushauri tusaini ile barua nyingine ndiye sasa anayenukuu maoni hayo kwenye hoja zetu.

Nimelaumiwa pia kwamba kamati iliamua bila kuwashirikisha wanachama. Jambo hili limeniuma. Tangazo la mkutano wa dharura lilitumwa siku kumi kabla, kwa simu na kwa barua. Akidi yetu ni theluthi moja, yaani watu 104. Walikuja 61. Tulisubiri saa nzima na nusu. Katibu alisimama mlangoni anapiga simu, mmoja yuko harusini, mwingine alidhani ni wiki ijayo, wengi hawakupokea. Siku ya mwisho ya kuwasilisha maoni ilikuwa Ijumaa ileile. Katiba inaipa kamati mamlaka ya kuamua pale akidi isipotimia na muda ukiwa umebana, na kamati ikaamua. Kati ya walioandika malalamiko marefu kwenye kundi la WhatsApp, niliwatafuta kwenye daftari la mahudhurio la siku ile na sikuwaona hata theluthi. Mwanachama ana haki ya kupinga uamuzi. Ana wajibu pia wa kuja unapofanywa.

Ada nayo ni hivyohivyo. Katika wanachama 312, waliolipa ya mwaka huu ni 118. Wanaodaiwa mwaka mmoja ni 98, na 96 wanadaiwa miwili au zaidi, wakiwemo watu wenye uwezo ambao sitawataja. Theluthi mbili ya mapato yetu yamekwenda kwa wakili na mtaalamu wa tathmini, kiasi kikubwa cha kilichobaki kimekwenda kwenye uchapaji, na benki kimebaki cha kutosha miezi mitatu. Mweka hazina atasoma hesabu kamili. Gharama za vipeperushi vya awamu ya pili nilizitoa mfukoni mwangu na sijadai kurudishiwa. Mwekezaji alitupa ofa ya ufadhili, ukumbi mpya na kompyuta za ofisi, kwa sharti la kuingia kwenye kamati yake ya mashauriano. Tulikataa, na katika hilo kamati nzima ilikuwa na kauli moja. Lakini chama kinachokataa fedha za mwekezaji ni lazima kiishi kwa ada za wenyewe, hakuna njia nyingine. Kuanzia mkutano huu, kifungu kinachomzuia mwenye deni la zaidi ya mwaka kupiga kura kitatekelezwa. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuendeleza mazungumzo na wakazi wa ghuba ya kaskazini, ambao baadhi yao walisoma barua yetu na wakatutafuta wenyewe. Wazee wawili wa kule wako nasi leo, karibuni sana. Tunatarajia, hali ikiruhusu, kurudisha uhusiano mzuri na vyama jirani, kuandaa maoni kuhusu umeme wa jua na upepo ili tusionekane watu wa kupinga tu, na kuanzisha mawasiliano na vikundi vinavyoishi huko gesi inakochimbwa. Mipango hii kamati itaikamilisha kadiri nguvu zitakavyopatikana.

Mamlaka bado haijatoa uamuzi juu ya kibali. Ukitoka wakati wowote tutaitisha mkutano, na safari hii naomba tujae ukumbini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti