Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mafundi wa Vipuri vya Injini Ndogo, Kamukunji

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mafunzo ya kukereza, yaani kuchonga chuma kinachozungushwa kwenye mashine, yalifanyika, leseni ya kaunti imelipwa, tulichangia matanga ya wenzetu wawili. Mashine ya chama ya kukerezea ilibadilishwa beringi. Pesa nilitanguliza mimi kutoka mfukoni, jambo ambalo hadi leo sijasikia likitajwa.

Sasa nije kwenye madrumu ya breki, kwa kuwa najua wengi ndiyo mnayosubiri.

Inasemwa nimekula pesa za kugawana Desemba. Kamati ilitumia shilingi elfu hamsini na kitu kununua tani moja na nusu ya madrumu ya breki ya malori na laina chakavu, yaani mikono ya ndani ya silinda za injini. Muuzaji si shemeji yangu. Ni jirani wa shemeji yangu, na ana leseni, kama inavyotakiwa tangu Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015. Wengine walitaka tununue vifuniko vya mitaro na vyuma vya mazoezi vya kunyanyulia uzito kwa bei ya kutupa. Mmesahau Januari 2022, Serikali ilipopiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu hadi Mei? Kifuniko cha mtaro kikikutwa kwenye karakana, anayeitwa kituoni ni mwenyekiti.

Tena tuzungumze kama mafundi. Vyuma vya kunyanyulia huyeyushwa kutokana na chochote kilichopatikana. Vikipoa haraka, ndani hubaki sehemu ngumu kama kioo, na kisu cha kabaidi, kile kigumu cha mashine, kikifika hapo huvunjika. Drumu la breki ni chuma cha kusubu cha kijivu, laini kwa kisu, hutoa unga mweusi bila kuhitaji maji. Lile ganda la nje lenye mchanga lipitie kwa mkato mmoja wa kina, usilikwaruze juujuu. Grafaiti iliyomo husaidia kulainisha, ndiyo maana bushi zake, yaani vile vikoba ambamo shafti huzunguka, hudumu. Laina chakavu nazo zinatoa ringi nzuri za pistoni za injini za Lister zinazoendesha mashine za kusaga. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 114, kwa hiyo acheni pengo la milimita 0.4 hivi kati ya ncha za ringi. Ringi iliyobanwa bila pengo ikipata moto hukwama na kuchana silinda, halafu mteja anarudi kwangu, si kwako.

Flaiwili, yale magurudumu mazito ya injini, za chuma cha kuokota nimezipiga marufuku na sirudi nyuma. Chuma cha kusubu huvumilia kugandamizwa, lakini kuvutwa hakiwezi, na flaiwili ikizunguka kila kipande chake kinavutwa nje. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kuipasua. Aliyeniita mwoga mbele ya wateja namwomba asimame karibu na yake ikiwa kwenye mwendo.

Mnasema uamuzi ulipitishwa na watu wachache. Ni kweli, maana wengine hamkuja! Mkutano wa Agosti tulikuwa saba, pamoja na kijana wa viti vya kukodi aliyekuwa akisubiri malipo yake. Asiyekuja mkutanoni asinipigie simu usiku kuniuliza habari za kura.

Michango ni aibu. Zaidi ya nusu yenu mnadaiwa, jumla ni laki moja na zaidi, na baadhi ya wadaiwa ndio wa kwanza kuchagua madrumu mazito. Mhazini ana majina. Kwa heshima sitayasoma leo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumai kupata tanuru letu la kuyeyushia. Chuma cha kusubu kinataka nyuzi 1,200 za Selsiasi na zaidi, kwa hiyo makaa na feni vitahitaji pesa. Kuna mfadhili tumeanza kuzungumza naye, na mazungumzo yanaendelea vizuri.

Madrumu yaliyobaki yako stoo. Mwanachama aliyelipa atapimiwa kwa bei ya kununulia, Jumamosi asubuhi. Ufunguo unabaki kwangu hadi mkutano mkuu uamue vinginevyo.

Mwenyekiti